Maji ya Kunawa Yako Nje

Katika maisha yangu nimepewa firigisi ya kuku mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa katika nyumba moja. Kwetu mwanamke hapewi firigisi. Ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni mzito aliyekuja kuzungumza habari za ardhi au posa. Mama yangu alipika kuku miaka arobaini akaondoka duniani bila kuionja, wala sikumbuki kumsikia akilalamika, maana hata kulalamika kulikuwa na wenyewe. Kwa hiyo siku nilipowekewa firigisi juu kabisa ya sahani yangu, niliona kwamba serikali imenifanya mtu. Niliila. Ilikuwa ngumu kidogo na tamu sana.

Mimi ni afisa wa probesheni hapa Busia. Watu hudhani kazi yangu ni kufunga watu, na ndugu zangu hudhani ni kuwafungua. Ukweli ni kwamba kazi yangu ni kuandika insha. Mtu akishakubali kosa, hakimu anaweza kusema, "Nipewe ripoti," nami napanda boda hadi nyumbani kwa huyo mtu, nauliza maswali yaliyo kwenye fomu, kisha narudi ofisini kuandika yeye ni mtu wa namna gani. Hakimu anasoma, anatoa hukumu. Nilipokuwa shuleni mwalimu alininyima alama za insha kwa sababu, alivyosema, mambo yangu hayakufanana na ya kweli. Ningependa anione sasa.

Huyu wa firigisi alikuwa mume wa mtu huko Mundika. Alimpiga mkewe kwa mchi wa kutwangia, akamvunja mkono wa kulia karibu na kiganja. Mke alikuwa fundi wa cherehani na riziki yake ilikuwa gomesi, lile vazi la mabega yaliyosimama na mkanda mpana ambalo akina mama wa pande zote mbili za mpaka huvaa kwenye harusi na matanga. Jioni hiyo alikuwa amechelewa sokoni akimalizia gomesi ya mteja wa ng'ambo ya mpaka. Alipofika nyumbani, ugali ulikuwa haujajipika. Hayo yote yaliandikwa polisi, fomu ikajazwa hospitalini, na mume akakubali kosa siku ya kwanza bila kusumbua mtu. Hata huko kutosumbua kuliandikwa kama sifa yake.

Asubuhi hiyohiyo kizimbani kulikuwa na tanboi, yaani utingo wa lori, kutoka Malaba. Huyo naye alikuwa amempiga mwenzake kwa spana kwenye foleni ya malori, wakigombania nani yuko mbele, akamvunja mkono. Mkono kwa mkono, mfupa kwa mfupa. Naye pia alikubali kosa. Alipata miaka miwili jela hata kabla ya saa ya chai, na hakuna aliyeniomba niandike ripoti yake. Zamu ya mume ilipofika, hakimu alivua miwani, akamtazama kwa huruma, akasema kwamba hili ni suala la familia na linahitaji busara, kwa hiyo apewe ripoti. Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Sikuona ajabu yoyote. Kosa kubwa la yule tanboi lilikuwa kumpiga mtu ambaye hakumlipia mahari.

Kabla ya kwenda, nilimpigia simu naibu wa chifu, kwa adabu, ili asije akasikia nimeingia eneo lake kama mwizi. Naye kwa adabu akawaambia wenye nyumba. Nilipofika, viti vilikuwa vimevikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na kuku alikuwa ameshachinjwa. Baba mkwe alikaa kwenye kochi lake, mama mkwe kando yake, na mshtakiwa mwenyewe, aliyekuwa nje kwa bondi, alikaa mkekani kwa unyenyekevu huku shati lake limepigwa pasi hadi kwenye mikono. Pasi hiyo ilipigwa na nani, sikuuliza. Naibu wa chifu aliweka kofia yake juu ya cherehani ya yule mama, iliyokuwa imefunikwa leso na kusukumwa pembeni. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia gomesi ya rangi ya dhahabu yenye bega moja tu.

"Karibu madam," alisema mama mkwe. "Si wanasema mgeni njoo mwenyeji apone?"

Nilikaribia, tukaanza. Fomu inataka maoni ya jamii, na jamii ilikuwa imekaa tayari kuyatoa.

"Madam, hii ni mambo ya nyumba tu," alisema naibu wa chifu. "Vikombe zikikaa kwa kabati moja lazima zigongane."

Niliandika. Haikunijia kwamba hapa kikombe kimoja tu ndicho kilichogonga, tena kwa mchi.

"Kijana yangu hana maneno mingi," alisema baba mkwe. "Hata pombe anakunywa tu ile ya kawaida."

"Ni shetani ilinipitia, madam," alisema mume akitazama mkeka.

Fomu yangu haina nafasi ya kumhoji shetani, kwa hiyo niliandika kwamba mshtakiwa anajutia kosa lake. Kisha nikaomba mlalamishi aitwe. Alitoka jikoni, mkono ukiwa kwenye plasta na umefungwa shingoni kwa kipande cha leso, akasimama mlangoni, kwa kuwa viti vilikuwa vimejaa watu wa kumwonea huruma mumewe.

"Mama, wewe unasemaje juu ya hii kesi?" nilimuuliza.

Alimtazama mama mkwe, akatazama kofia juu ya cherehani yake.

"Nimemsamehe," alisema.

Niliandika: "Mlalamishi amemsamehe mshtakiwa kwa hiari yake, bila kushurutishwa na mtu." Niliyaandika hayo nikiwa nimezungukwa na watu wanne wanaosikiliza, mmoja wao akiwa ndiye aliyemvunja mkono. Naikumbuka hata kalamu niliyotumia.

Chakula kilipokuwa tayari, yule mama alisimama tena mlangoni. Mkononi alikuwa na jagi.

"Madam, maji ya kunawa iko nje," alisema. "Kuja nikumwagie."

"Nje wapi?" mama mkwe alishtuka. "Mgeni wa serikali ananawa nje kama mtu ametoka kulima?"

"Niletee tu hapa, mama," nilisema. "Hiyo boda imenichosha mgongo."

Hakuondoka. Alisimama pale kidogo, muda ambao hata wakati ule niliuona umezidi.

"Maji iko nje, madam," alirudia.

"Na mimi niko ndani," nilisema.

Nyumba nzima ilicheka. Nilikuwa nachekesha siku hiyo. Hata mshtakiwa alicheka kwa heshima, mdomo ameufunika. Mama alirudi jikoni, akaleta beseni akaliweka kwenye stuli, maana hakuwa na mkono wa kulishikia, kisha akanimwagia kwa mkono wa kushoto. Maji yalienda vidoleni, mengine yakaenda kwenye sketi yangu. Mama mkwe alifyonza meno. Mimi nikasema si neno, yatakauka, nikajiona mwema kupita kiasi.

"Imondo ni ya madam," alisema mama mkwe akinipakulia ile firigisi. "Leo madam ni mwanaume."

Hivyo ndivyo nilivyoila ile ya kwanza.

Ripoti niliiandika kesho yake. Baada ya miaka mingi ya kazi hii, mtu huwa na sentensi zake zinazosubiri tu jina jipya. Mojawapo ya zangu ilisema: "Mshtakiwa ndiye tegemeo la familia, na kifungo kitawaumiza wasio na hatia." Niliinakili kutoka ripoti ya mtu mwingine, mvuvi wa Budalang'i, ambaye kweli alikuwa tegemeo la mtu. Huyu wa Mundika alikuwa na ng'ombe mmoja na maoni mengi. Aliyesomesha watoto nyumba ile ni cherehani, nami nilikuwa nimekaa kando yake nikila. Nilipendekeza mshtakiwa apewe kazi ya kuhudumia jamii. Fomu iliuliza ni taasisi gani ya umma iliyo karibu zaidi na nyumbani kwake, ili asipate taabu ya nauli. Nikaandika zahanati ya kijiji, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilifurahi jinsi kila kitu kilivyokaa vizuri.

Hakimu naye alifurahi. Aliisoma ripoti yangu kwa sauti, ile sentensi ya tegemeo akaisoma mara mbili, akaisifu kuwa imeandikwa kwa makini. Alisema familia ni msingi wa taifa na mahakama haiwezi kuubomoa kwa sababu ya hasira ya siku moja. Mume akapewa mwaka mmoja wa kufyeka nyasi na kusafisha uwanja katika zahanati, siku tatu kwa wiki. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka askari akamtoa nje. Mke alikuwa amekaa benchi la nyuma akishika koti la mumewe. Alinitazama. Nami nikamjibu kwa tabasamu na kichwa cha kuitikia, kama mtu aliyemfanyia mwenzake hisani na hataki ashukuriwe sana.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi. Hapa alipigana fahali mmoja, lakini nyasi hazikuachwa.

Baada ya miezi miwili hivi nilienda kukagua. Zahanati ilikuwa inapendeza. Ua ulikuwa umekatwa sawasawa, mawe ya njiani yamepakwa chokaa, na mtu wangu yuko kule nyuma na fyekeo lake akipiga mluzi. Muuguzi mkuu alinipokea kwa furaha.

"Madam, mngetuletea wengine kama huyu," alisema. "Anakuja mapema kuliko sisi. Mliandika yeye wapi?"

Ndipo nilipojua kwamba mume alikuwa amewaambia watu ameajiriwa. Kabla sijajibu, muuguzi alikumbuka jambo lake.

"Enyewe ulikuja wakati mzuri. Unaenda nyumba za watu huku. Kuna mama mmoja ya mkono alikuwa anakuja kila Jumanne, amepotea. Ile plasta ilikuwa ibadilishwe, mfupa ulikuwa umeanza kukaa vibaya. Nilikuwa nimemwandikia aende hospitali ya Nangina wamwangalie."

Nilimuuliza ni mama gani. Alifungua kitabu akanionyesha: Jumanne, Jumanne, Jumanne, kisha hakuna.

"Alikuja mara ya mwisho hapo kwa geti," alisema muuguzi. "Nikamwona akisimama, akaangalia hapo kwa nyasi, akageuka. Nilifikiri amesahau kitabu yake."

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Ilikuwa... si ni ile wiki huyu kijana yako alianza kazi?"

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka. Alitazama dirishani, akatazama mluzi ulikotoka, kisha akanitazama mimi. Hakusema tena kwamba tumletee wengine.

Nimewahi kuona aibu maishani, lakini nyingi nilizilaza zikalala. Hii ilinipandisha boda papo hapo. Safari hii sikumpigia simu naibu wa chifu wala mtu yeyote. Mume alikuwa na nyasi zake za kumaliza mpaka saa nane, na zahanati ingemshikilia kwa ajili yangu. Angalau hapo hukumu ilifaa kitu.

Mama mkwe alinikuta uani na akaanza papo hapo kumkimbiza kuku, nami sikumzuia. Nilitaka akimbie. Ndani, cherehani ilikuwa palepale pembeni, na safari hii juu ya leso kulikuwa na chupa ya chai. Ile gomesi ya dhahabu ilikuwa bado kwenye msumari, na bega lake moja. Mke alitoka jikoni. Plasta ilikuwa imetoka.

"Mama," nilimwambia, "maji ya kunawa iko wapi?"

Alinitazama sana.

"Iko nje," alisema.

Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa la maji ya mvua. Alichota kwa jagi, akaanza kunimwagia polepole, kamba nyembamba ya maji, kama mtu anayeyahesabu. Alitumia mikono yote miwili. Wa kulia ulikuwa umepinda juu ya kiganja, na kiganja chenyewe kimetazama upande, hakikamati jagi, kinalisindikiza tu.

"Nani alitoa plasta?"

"Mimi. Niliikata na makasi yangu. Ilikuwa inawasha, na kule sikutaka kurudi. Aliniambia nisimwaibishe kwa kazi yake."

"Kwa kazi yake," nilirudia, nikigeuza viganja chini ya maji.

"Siku ile uliniita nje," nilisema.

"Nilikuita, madam. Mara mbili."

"Ulitaka kuniambia nini?"

Alimwaga kidogo kabla ya kujibu. Nikasugua vidole ambavyo vilikuwa safi tangu zamani.

"Nilitaka uwaambie wamweke ndani miezi sita. Sita tu. Sikutaka mingi, huyo ni baba ya watoto. Daktari alisema mkono inataka tatu kupona. Hizo zingine ni za kujua tena kushika sindano. Halafu angerudi, hakuna shida."

Nilisimama pale nikipiga hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili angeiweza. Mahakama yetu ilimpa tanboi wa Malaba miaka miwili bila kuombwa na mtu. Huyu aliomba miezi sita, akaikosa, kwa sababu mgeni hakutaka kutembea hatua kumi kutoka kwenye kochi. Nilikuwa na hasira, na ubaya wa hasira hiyo ni kwamba kila nilipoitafutia mtu wa kumpa, ilirudi kwangu.

"Nitaandika tena," nilisema. "Nitarudi kwa hakimu. Nitamwambia abadilishe."

"Andika, madam," alisema kwa upole, akinionea huruma. "Lakini mfupa umeshashika. Hata mkimfunga sasa, haitanyooka."

"Huyo mgeni ananawa ama anaoga?" mama mkwe aliita kutoka ndani.

Jagi lilikuwa limeisha. Alinipa upindo wa leso yake nifutie mikono.

Nilikula nilichoweza. Firigisi ilikuwa juu ya sahani, mahali pake. Nilinyanyuka na sahani yangu, mama mkwe akinitazama kama mtu anayeona ng'ombe akiingia kanisani, nikaenda hadi jikoni, nikampa yule mama. Alisita. Kisha akaichukua kwa mkono wa kushoto, akatafuna, akatafuna, akatazama mlango.

"Yaani ni hii tu?" aliuliza. "Ni hii tu walikuwa wanatunyima?"

Tulicheka wote wawili, kwa sauti ya chini. Sikuwa na haki ya kucheka, lakini nilicheka.

Ripoti ya pili niliiandika bila kunakili mahali. Pale panapouliza ni nani tegemeo la familia, niliandika fundi wa gomesi, mkono wake hauwezi tena kuipanga mikunjo ya bega. Hakimu aliisoma kimya. Alisema hukumu ilitolewa kwa kufuata maoni ya mlalamishi mwenyewe, kama yalivyonukuliwa na afisa, na afisa alikuwa mimi. Akamhamishia mume kambi ya chifu iliyo mbali, ambako nyasi pia zipo. Mume alilalamikia nauli. Yule mama siku hizi anashona mapindo ya suruali na foronya, kazi za kunyooka tu. Mwenye gomesi ya dhahabu alikuja kutoka ng'ambo akaichukua vilevile, akampelekea fundi mwingine.

Mimi bado naandika insha. Ila nikifika nyumba ya watu sasa, kabla ya kuketi naomba kunawa nje, na naomba animwagie yule aliyetajwa kwenye shtaka kama mlalamishi. Akina mama wakwe wa Busia na Malaba wameshapeana habari kwamba kuna madam mmoja hana adabu, ananawa uani. Mara nyingi anayenimwagia hana la kuniambia. Ananiuliza tu kama maji ni baridi. Namwambia si baridi, amwage polepole, na siondoi mikono mpaka jagi liishe.